Barabara ya RN4 na okapi wa Ituri: ni hatua zipi zinazolinda msitu kweli?

MwalimuMambasa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Mambasa, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ninaleta kwenu jambo linalotugawa sokoni, makanisani na hata katika vikao vya wazazi. Barabara ya Taifa namba 4, ambayo kila mtu huku anaiita RN4, inatoka Kisangani, inapita Nia-Nia na Epulu hadi Mambasa, kisha inaendelea Komanda, ambapo msafiri huchagua njia ya Bunia au ya Beni. Kabla ya kufika kwetu inakatiza Hifadhi ya Wanyamapori ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, ikaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996, na mwaka mmoja tu baadaye ikawekwa katika orodha ya maeneo ya urithi yaliyo hatarini. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 13,700, karibu sehemu moja ya tano ya msitu mzima wa Ituri.

Wakati wa vita barabara hii ilikufa. Lori liliweza kukaa topeni wiki kadhaa, na bidhaa za Butembo na Beni zilifika Kisangani juu ya baiskeli zilizosukumwa na vijana kwa siku nyingi. Baada ya ukarabati wa miaka ya 2000, ingawa ni ya udongo mwekundu na si ya lami, bei ya chumvi na sabuni ilishuka na mama mwenye uchungu mgumu akaanza kufikishwa hospitalini akiwa hai. Simjui mtu yeyote hapa anayetaka turudi nyuma.

Lakini barabara ileile imeleta mengine. Wanaotafuta mashamba wanafika kutoka kusini, machimbo ya dhahabu yanaongezeka, na nyama ya pori inasafiri. Kwenye bariyeri (kizuizi cha barabarani) ya hifadhi nimemwona mlinzi akipitisha fimbo ya chuma ndani ya gunia la maharagwe lililofungwa nyuma ya pikipiki. Fimbo ilikwama, gunia likafunguliwa, na chini ya maharagwe kulikuwa na mboloko (paa wadogo wa msituni) waliokaushwa kwa moshi, wamekunjwa miguu na kupangwa kama kuni. Mwenye pikipiki alikuwa kijana niliyewahi kumfundisha.

Okapi, mnyama wa msituni wa jamii ya twiga, haishi porini katika nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa yetu. Mama hubeba mimba miezi kumi na minne hivi na kuzaa ndama mmoja, kwa hiyo anayenaswa leo hazibwi pengo mwakani. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Wapo wanaosema kuzuia magari usiku na kuweka bariyeri kunatosha. Wengine wanasema tujenge vivuko vya wanyama chini ya barabara kama Tanzania. Wengine wanataka RN4 isiboreshwe tena kamwe. Ninaomba mwenye uzoefu aeleze kilichofanya kazi, wapi, na kwa nini.

---

MkaaziWaKitogani amejibu:

Mwalimu, salaam kutoka Unguja. Mimi naishi karibu na msitu wa Jozani, uliomo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Barabara ya kwenda Paje na Makunduchi inapita ukingoni mwa msitu, na kima punju, ambaye hapatikani nje ya visiwa vyetu, huivuka kila siku kufuata majani. Barabara ilipotiwa lami magari yakaanza kukimbia, na ikaripotiwa kwamba kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa vifo vimeshuka hadi kima mmoja kwa takriban wiki sita.

Kwa hiyo tuta la lami, kitu cha bei ndogo kabisa, limeokoa kima wengi kwetu. Halikumaliza tatizo, kwa sababu dereva wa watalii anayewahi ndege hupunguza mwendo kwenye tuta na kuufidia mara anapolivuka, lakini tofauti ni kubwa na inaonekana. Nakushauri uanze na hilo.

---

Msitu_Kisangani amejibu:

Mwalimu mheshimiwa, nimesoma misitu na nimefanya kazi katika maeneo ya ukataji miti ya bonde la Kongo, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha. Ninamshukuru ndugu wa Kitogani, na takwimu za Jozani zinastahili kujulikana na kila mjenzi wa barabara. Lakini kabla ya kuazima dawa ya jirani ni lazima tuulize mnyama wetu anakufa kwa nini. Kima punju anakufa chini ya gurudumu. Okapi anakufa katika mtego wa waya, mbali na barabara, mahali ambapo sauti ya gari haifiki, na mtego huo uliwekwa na mtu aliyeshushwa na gari. Tuta litaokoa mnyama wa kwanza. Wa pili hataokolewa na tuta wala na kivuko, kwa sababu kinachomuua ni urahisi wa mwindaji kuingia na urahisi wa nyama kutoka.

Tembo wa msituni wanatuonyesha jambo hili waziwazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, tembo 28 wa bonde la Kongo walivalishwa vifaa vya kufuatilia mwendo wao. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, ni tembo mmoja tu aliyethubutu kuvuka barabara, naye alivuka kwa kasi iliyozidi mwendo wake wa kawaida mara 14. Barabara yenyewe haina ukuta. Hofu ya bunduki ndiyo ukuta. Kati ya mwaka 2002 na 2011 tembo wa msituni walipungua kwa asilimia 62 hivi katika Afrika ya Kati, na mahali palipo karibu na barabara na makazi ndipo walipokuwa wachache zaidi. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 20, na huzaa mara moja katika miaka mitano au sita, kiasi kwamba hata ujangili ukikoma kabisa kundi huhitaji miongo kadhaa kuongezeka maradufu. Mtu akifungua njia ya pembeni leo kwa ajili ya machimbo ya miaka mitatu, hasara yake italipwa na wajukuu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka RN4 ife. RN4 ipo, inabeba maisha ya watu, na haina mbadala. Hatari kubwa zaidi ni vinjia vinavyozaliwa ubavuni mwake: njia ya kufikia machimbo, njia ya mbao, njia ya shamba jipya. Katika maeneo ya ukataji miti yanayosimamiwa vizuri, njia ya kuvutia magogo hufungwa kazi ikiisha: unachimbwa mtaro mdomoni mwake, linalazwa gogo kubwa, madaraja madogo yanaondolewa, na baada ya misimu michache miparasoli, miti inayokua haraka mahali palipo wazi, inaifunika. Picha za setilaiti zimeonyesha kwamba kufikia mwaka 2018 karibu nusu ya njia za ndani ya maeneo hayo katika bonde la Kongo ilikuwa imeachwa na kurudiwa na mimea, wakati njia za nje ya maeneo hayo zilibaki wazi kwa wingi. Njia ikiwa na mwenyewe inaweza kufungwa. Isiyo na mwenyewe haifungwi na mtu.

Kuna jambo lingine la kiufundi ambalo wananchi huambiwa mara chache. Mkandarasi anapojenga barabara ya udongo msituni hupenda kukata miti ya pande zote mbili kwa upana mkubwa ili jua liingie na kukausha njia baada ya mvua. Ana sababu ya kweli: njia yenye kivuli haikauki, na isiyokauka huharibiwa na lori la kwanza. Lakini mbega na nyani wadogo wasioshuka chini hovyo hukatiwa dunia yao vipande viwili. Suluhisho ninalolikubali ni kuacha sehemu fupi, zilizochaguliwa na watu wanaowajua wanyama wa hapo, ambamo matawi ya pande mbili yanakutana juu ya barabara, na katika sehemu hizo kunyanyua usawa wa njia, kuongeza changarawe na kuchimba mifereji mirefu zaidi. Gharama ya ziada inabaki kwenye mita hizo chache tu. Jambo hili liandikwe katika mkataba kabla ya mashine kuwashwa, maana mti wa karne mbili ukishalala hakuna mhandisi wa kuusimamisha.

Na msisahau kambi za wafanyakazi. Wafanyakazi mia wasiopewa kitoweo watakula msitu. Kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, katika eneo la ukataji miti linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nouabalé-Ndoki, ushirikiano ulioanza mwaka 1999 kati ya serikali, kampuni ya mbao na shirika la uhifadhi uliweka masharti yanayoeleweka hata na asiyesoma: magari ya kampuni hayabebi mwindaji wala nyama, njia zina malango yenye walinzi, na kampuni inahakikisha samaki na nyama ya kufugwa vinapatikana kambini. Uwindaji haukuisha, lakini sokwe na tembo waliendelea kuishi katika msitu unaokatwa miti. Mkandarasi yeyote wa RN4 anaweza kubanwa kwa masharti hayo.

---

MfanyabiasharaNiaNia amejibu:

Ninyi mliosoma mnaandika vizuri, na mimi nawaheshimu, ila naomba mtusikilize na sisi tunaopita hapo kila wiki. Bariyeri ikifungwa jioni, lori lenye nyanya, ndizi na parachichi linalala hadi asubuhi. Lori halichelewi kwa uvivu wa dereva. Limechelewa kwa sababu daraja la mbao lilivunjika mahali fulani na watu walikata miti kutwa kulitengeneza. Asubuhi nyanya za chini zimeshapasuka, na hasara hiyo inabebwa na mama aliyekopa mtaji, wala haibebwi na hifadhi. Mara nyingine mtu kwenye kizuizi anaomba pesa ambayo haina risiti, na mwenye nyama akiitoa anapita, huku mwenye nyanya asiye nayo akibaki.

Sipingi okapi. Babu yangu alimjua okapi kabla ya Wazungu kumwandika katika vitabu vyao mwaka 1901. Ninachopinga ni sheria inayomkamata mwenye nyanya na kumwachia mwenye meno ya tembo.

---

MhandisiIfakara amejibu:

Nimeguswa na maneno ya mfanyabiashara, na nitayarudia. Kwanza nieleze kuhusu vivuko vya Tanzania, kwa kuwa Mwalimu ameviuliza na mimi naishi bonde la Kilombero.

Upande mmoja tuna milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, yenye msitu wa mvua na nyani kama mbega mwekundu wa Udzungwa na ngolaga wa Sanje wasiopatikana mahali pengine. Upande wa pili, ng'ambo ya mashamba ya miwa na mpunga, kuna eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo walikuwa na mapito yao ya kale kati ya pande hizo mbili, nayo yakazibwa na mashamba, makazi na barabara ya Kidatu hadi Ifakara. Barabara ilipojengwa upya kwa lami, kikajengwa kivuko cha tembo chini yake katika eneo la Mang'ula, na tembo wamekitumia.

Wageni wanaokuja kukitazama hupiga picha zege na kuondoka, nami husikitika kwa sababu zege ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Kazi ngumu ilikuwa mikutano ya vijiji. Wakulima waliokuwa na mashamba ndani ya shoroba, yaani mapito hayo ya tembo, walipaswa kukubali kuyaachia na kulipwa fidia, mipaka ikapimwa, na uzio wa umeme ukawekwa kando ya shoroba ili tembo akitoka kivukoni asiingie kwenye mpunga wa mtu. Bila ardhi hiyo pande zote mbili, kivuko kingekuwa shimo la kupitishia ng'ombe. Kwa hiyo, Mwalimu, kivuko kinafaa pale ambapo mnyama anataka kuvuka na kuna mahali salama pa kufikia. Okapi wako wana msitu pande zote mbili za barabara nyembamba isiyo na magari mengi. Sidhani kama fedha zenu za kwanza ziende huko. Nakubaliana na Msitu_Kisangani kwamba bariyeri na vinjia vya pembeni vina uzito zaidi, isipokuwa siku RN4 itakapotiwa lami na malori kuanza kupita kwa mamia. Siku hiyo matuta ya Jozani na vivuko viwe vimo tayari katika michoro, kwa sababu kalavati pana iliyochorwa mapema huongeza gharama kidogo, na ileile ikidaiwa baada ya lami kukamilika huhitaji kubomoa kazi nzima.

Kuhusu nyanya: funga usiku, lakini usifunge kwa upofu. Malori yenye vyakula vinavyooza yanaweza kukaguliwa kizuizi cha kwanza, yakaandikwa namba, saa na idadi ya watu, kisha yakapita kwa msafara mmoja jioni na kuhesabiwa upande wa pili. Gari lililoingia na watu watatu na kutoka na mmoja, au lililochelewa kwa muda wa saa nne bila sababu, litajieleza. Gharama yake ni daftari, redio ya mawasiliano na mlinzi anayelipwa mshahara kwa wakati.

---

MkigaWaKabale amejibu:

Nami niongeze neno kutoka Uganda kwa ufupi. Kwetu Bwindi, msitu wenye karibu nusu ya sokwe wa milimani wote duniani, serikali ilipendekeza kutia lami barabara inayokatiza hifadhi kupitia Ruhija. Wachumi wa uhifadhi walipopima njia ya kuzunguka hifadhi, waliona kwamba ingawa ni ndefu na ya gharama zaidi, ingepita katika vijiji vyenye watu wengi ambao hawana barabara, na isingehatarisha fedha za utalii. Nakubali kuwa Ituri ni pana mno kuzungukwa. Lakini kwa kila barabara mpya itakayopendekezwa huko kwenu, hata ndogo, ulizeni kwanza wanakijiji wangapi wataifikia kwa miguu. Barabara inayopita katikati ya hifadhi humhudumia anayesafiri kutoka mji hadi mji. Mkulima wa pembezoni huisikia kwa mbali tu.

---

MwalimuMambasa ameandika tena:

Ndugu zangu, nimewasoma kwa makini na nimewasomea wanafunzi wa kidato cha juu majibu yenu. Hoja ya msafara wa jioni nitaipeleka katika kikao cha jumuiya ya kiraia cha hapa, na ningependa MfanyabiasharaNiaNia aniambie kama wenzake wataikubali. Kinachonisumbua ni mlinzi. Mwezi Juni mwaka 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Walinzi hawa wanasimama mahali hapo kila siku, na tunawaomba wasile rushwa, wasiogope na wasichoke. Wafadhili wanakuja na kuondoka. Nani atalipia bariyeri miaka kumi baada ya mkandarasi kuondoka?

---

MfanyabiasharaNiaNia amejibu:

Mwalimu, msafara tutaukubali, kwa sharti kwamba ada iwe moja, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kilingala, na kila anayelipa apewe risiti yenye namba. Sisi tutamweka mtu wetu mmoja kwenye kila kizuizi, na hifadhi iweke wake, wahesabu pamoja. Tena muwaite Wambuti, wenyeji wa msitu huu, katika kikao hicho. Wao ndio wanaojua ni vinjia vipi vimefunguliwa mwezi huu, na kila mara wanaitwa mwishoni, maamuzi yakiwa yameshapigiwa muhuri.

---

Msitu_Kisangani amejibu:

Kuhusu swali la nani alipe, Mwalimu, msianze kwa kutafuta mfadhili mpya. Nchi yetu ina Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na fedha zake zinatokana na tozo ya mafuta na ada za njia. Kila lori linalopita Epulu limeshauchangia kituoni liliponunua dizeli. Mfuko huo unatambua mfereji, kalavati na changarawe kuwa matengenezo. Ombeni sehemu ya RN4 iliyo ndani ya hifadhi iwe na bajeti yake, ambayo ndani yake lango, mlinzi wa lango na kazi ya kuziba vinjia vihesabiwe pamoja na mfereji. Hoja mnayo, na ni ya kihandisi: vinjia vya mbao na machimbo ndivyo vinavyoingiza malori yaliyozidisha uzito, na malori hayo ndiyo yanayovunja madaraja ambayo ndugu wa Nia-Nia anayalilia. Barua iandikwe na wafanyabiashara, iungwe mkono na hifadhi na vijiji, na nakala yake ipelekwe kwa mbunge wenu kabla bajeti ya mwaka ujao haijajadiliwa. Nikipata rasimu nitasaidia kuipitia.